Louis Rwagasore: Alishindwa akiwa kizuizini, akarudi na kushinda

Usiku wa Oktoba 13, 1961, risasi moja ilifyatuliwa katika Hoteli Tanganyika mjini Usumbura, mji ambao leo unaitwa Bujumbura. Ilimuua waziri mkuu aliyekuwa ameshika madaraka kwa muda wa wiki mbili tu. Alikuwa na umri wa miaka 29. Tangu hapo jina la Louis Rwagasore limetajwa kila mwaka nchini Burundi kwa sababu ya kifo hicho, na vizazi vilivyofuata vimemjua zaidi kama shujaa aliyeuawa kuliko kama mwanasiasa aliyefanya kazi.

Hata hivyo, miezi kumi na moja kabla ya kifo chake, Rwagasore alikuwa kiongozi wa chama kilichoonekana kuelekea kufa. Utawala wa Ubelgiji haukukitaka. Machifu wengi walikipinga. Yeye mwenyewe alikuwa amezuiliwa mbali na wafuasi wake. Na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Swali lililokikabili chama chake wakati huo bado linavikabili vyama vingi barani Afrika: je, chama kidogo kishiriki uchaguzi unaosimamiwa na watu wanaotaka kishindwe, au kijitoe na kuwaachia uwanja?

Mtoto wa ikulu

Louis Rwagasore alizaliwa Januari 10, 1932, huko Gitega, mji uliokuwa kitovu cha ufalme wa Burundi. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, aliyetawazwa mwaka 1915 akiwa bado mtoto mdogo. Mama yake alikuwa Thérèse Kanyonga. Nchi ilikuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuingia mikononi mwa Wabelgiji, waliyoitawala pamoja na Rwanda kwa jina la Ruanda-Urundi. Makao makuu ya utawala huo yalikuwa Usumbura, kando ya Ziwa Tanganyika.

Kama vijana wengi wa koo za watawala, Rwagasore alipelekwa katika shule kubwa ya Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare, nchini Rwanda. Kutoka hapo alikwenda Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuendelea na masomo, kwanza Antwerp na kisha kwa muda mfupi Louvain. Aliporejea nyumbani mwaka 1956, watawala walitarajia kwamba angekuwa mtumishi mtiifu wa serikali, kisha pengine chifu, na kwamba siasa angewaachia wengine. Matarajio hayo hayakutimia.

Ufalme wenyewe haukuwa na sauti moja. Watoto wa ikulu, waliojulikana kama ganwa, walikuwa wamegawanyika katika koo zilizoshindana kwa vizazi. Kubwa kati ya hizo zilikuwa mbili: Wabezi, ukoo wa Mwami na wa Rwagasore, na Watare, ambao mtu wao mashuhuri alikuwa Chifu Pierre Baranyanka, aliyekuwa karibu sana na Wabelgiji. Ushindani huo wa zamani ndio uliokuja kuvaa nguo mpya za vyama vya siasa.

Soko, ushirika na watu wa Buyenzi

Rwagasore hakuanza na hotuba za uhuru. Alianza na biashara. Mwaka 1957 alishiriki kuanzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, uliokusudia kuwawezesha wananchi kununua na kuuza bidhaa bila kutegemea wafanyabiashara wa kigeni walioshikilia njia zote za uchumi. Miongoni mwa waliouunga mkono mapema walikuwa wafanyabiashara wa Usumbura waliozungumza Kiswahili, wengi wao Waislamu, wakazi wa Buyenzi na wa mtaa wa Belge, ambao sasa unaitwa Bwiza.

Watu hao walikuwa na historia yao. Wazee wao walikuja na misafara ya biashara kutoka Ujiji na pwani, wengine kutoka Manyema upande wa Kongo, na wengine walikuwa wenyeji wa Burundi walioingia mjini na kuchukua lugha na desturi za mji. Wabelgiji waliwaweka katika mitaa maalumu iliyokuwa nje ya mamlaka ya machifu wa jadi. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na Uislamu ulitazamwa kwa shaka. Kwa hiyo Mswahili wa Usumbura alijikuta katikati: machoni mwa machifu hakuwa mtu wa kijijini, na machoni mwa utawala hakuwa mtu wa kuaminiwa.

Kwa watu wa namna hiyo, kufikiwa na mtoto wa Mwami lilikuwa jambo zito. Rwagasore alikwenda kwao, akakaa nao, akafanya nao shughuli. Yeye alihitaji watu wenye uzoefu wa biashara, wenye mitandao ya masoko na wasiomtegemea chifu kwa riziki yao. Wao walihitaji mtu mwenye jina ambalo utawala usingeweza kulipuuza. Kila upande uliona faida kwa mwenzake, na kutokana na faida hiyo ukazaliwa uaminifu uliodumu hata mambo yalipoharibika.

Na kweli yaliharibika. Ushirika uliingia katika madeni, na haukudumu. Wapinzani wake walilitumia jambo hilo kumwonyesha kama kijana asiyejua kutunza fedha. Lawama hiyo haikukosa msingi wote, kwani usimamizi wa ushirika ulikuwa na kasoro. Lakini kilichobaki baada ya ushirika kuanguka kilikuwa na thamani kuliko mtaji uliopotea: orodha ya watu waliojuana na kuaminiana, kutoka mjini hadi masoko ya ndani. Chama cha siasa hakihitaji mwanzo bora kuliko huo.

Katika kipindi hichohicho alijenga uhusiano na viongozi wa nchi jirani. Upande wa mashariki ulikuwapo TANU wa Julius Nyerere huko Tanganyika, ambao ulikuja kukisaidia chama chake. Upande wa magharibi, Kongo ya Patrice Lumumba ilikuwa inachemka. Kwa Wabelgiji, mahusiano hayo yalitosha kumfanya mtu hatari.

UPRONA na maadui zake

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kiliibuka chama cha Umoja na Maendeleo ya Taifa, UPRONA, na mwaka 1960 kikatambuliwa rasmi. Rwagasore, ingawa hakuwa na cheo cha mwenyekiti kwa sababu ya nafasi yake katika ikulu, ndiye aliyekuwa moyo wake. Mwaka 1959 alikuwa amepewa uchifu wa Butanyerera upande wa kaskazini, na mwaka huohuo alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, binti wa Kihutu. Katika nchi ambayo jirani yake Rwanda ilikuwa imekwisha kuingia katika umwagaji damu kati ya Wahutu na Watutsi tangu Novemba 1959, ndoa hiyo ilisomwa na wengi kama ujumbe. Ndani ya chama chake pia, Wahutu kama Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe walikuwa na nafasi za mbele.

UPRONA ilidai uhuru wa haraka, ikautetea ufalme, na ikasisitiza kwamba Warundi wote ni watu wa taifa moja. Dhidi yake kilisimama chama cha Kikristo cha Kidemokrasia, PDC, kilichoongozwa na wana wawili wa Chifu Baranyanka, Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza. PDC hawakuwa na haraka ya uhuru. Walitaka kwanza mageuzi ya ndani na uzoefu wa kujitawala katika ngazi za chini, na msimamo huo ulilingana na matakwa ya utawala wa Ubelgiji chini ya Gavana Jean-Paul Harroy. Baadaye PDC na vyama vingine vidogo waliungana kuunda Umoja wa Pamoja dhidi ya UPRONA.

Mwaka 1960 Rwagasore alichukua hatua kali. Aliwataka wananchi wasusie maduka ya Wazungu na wakatae kulipa kodi. Utawala ulijibu kwa sheria na kwa nguvu. Mkutano ulioitishwa Brussels mwezi Agosti uliamua kwamba ndugu wa karibu wa Mwami wasijihusishe na siasa, uamuzi ambao kila mtu alijua ulimlenga nani. Kisha, Oktoba 27, 1960, Rwagasore aliwekwa kizuizini nyumbani huko Bururi, kusini mwa nchi.

Uchaguzi bila kiongozi

Uchaguzi wa tarafa ulikuwa umepangwa kuanza Novemba 15. Chama kilikuwa na siku chache kuliko ishirini za kufikiri.

Hoja za kujitoa zilikuwa nzito. Kiongozi hakuwa huru. Mikutano ilidhibitiwa. Machifu na maofisa wa serikali walikuwa na mkono katika kila hatua, kuanzia kuandikisha wapiga kura hadi kuwaambia nani wa kuogopwa. Kushiriki katika hali hiyo kungeweza kuupa uchaguzi heshima usiyostahili. Chama kingeshindwa, kisha kingeambiwa kwamba kilipewa nafasi na wananchi wakakikataa. Baada ya hapo kingelalamika mbele ya nani?

Hoja za kushiriki nazo zilikuwa na uzito wake. Chama kisichoweka wagombea kinawaacha wafuasi wake wa vijijini peke yao. Mfuasi aliyethubutu kusema waziwazi kwamba yeye ni UPRONA mbele ya chifu wake angeamka siku ya kura akakuta hakuna jina la kulichagua. Woga wake ungethibitishwa. Zaidi ya hayo, madiwani wa tarafa ndio wangekuwa ngazi ya kupandia kwenye vyombo vya juu. Anayekosa kuwamo katika ngazi ya chini huamuliwa mambo na wengine.

Mfano wa kujitoa ulikuwapo karibu sana. Nchini Rwanda, miezi michache kabla, yaani Juni na Julai 1960, chama cha UNAR kilichoutetea ufalme wa huko kilisusia uchaguzi wa tarafa. Chama cha PARMEHUTU kikajizolea viti 2,390 kati ya 3,125. UNAR walitaraji kwamba kususia kungeuondolea uchaguzi uhalali. Badala yake, viongozi wapya wa tarafa walikusanyika Gitarama Januari 28, 1961 na kutangaza jamhuri, na ufalme wa Rwanda ukafutwa bila UNAR kuwa na sauti ya kuzuia. UNAR waliporudi katika uchaguzi wa bunge Septemba 1961, walipata viti 7 kati ya 44. Hali ya Rwanda ilikuwa na chuki na umwagaji damu ambao Burundi haikuwa imeufikia, na si haki kusema kwamba kususia peke yake kulikiangusha chama hicho. Lakini kususia hakukukisaidia.

Mfano wa pili ulitoka Tanganyika. Januari 1958, TANU walikutana Tabora kujadili uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliuona utaratibu huo kuwa tusi, na baadhi walitaka chama kiususie. Nyerere aliwashawishi wenzake washiriki, kwa hoja kwamba kukaa nje kungewapa viti wale wale waliotaka kuwazuia. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuunda chama chake. TANU wakashiriki wakiwa wameukunjia uso utaratibu huo, na wakashinda.

UPRONA walishiriki. Upigaji kura uliendelea hadi Desemba 8, na siku iliyofuata, Desemba 9, Rwagasore akaachiliwa. Tarehe hizo mbili zikisomwa pamoja hazihitaji maelezo.

Matokeo yalikuwa machungu. PDC walipata viti 942 kati ya 2,876. UPRONA walipata 545, yaani chini kidogo ya kimoja katika kila vitano, na viti vilivyobaki viligawanywa kati ya vyama vingine. Utawala ulikuwa na kila sababu ya kuridhika. Januari 1961 iliundwa serikali ya mpito chini ya Joseph Cimpaye, na UPRONA wakaachwa nje.

Kushindwa kulikofungua mlango

Kwa mtazamo wa wakati ule, waliopinga kushiriki walikuwa na haki ya kusema kwamba wao ndio waliokuwa wameona mbali. Chama kilikuwa kimeshindwa, na kushindwa kwake kulikuwa kumetumiwa kuunda serikali ya wapinzani wake. Lakini viti 545 vilikuwa na kazi ambayo hesabu ya jumla haikuionyesha. Kila kiti kilikuwa na mtu aliyekwisha kusimama mbele ya majirani zake na kutaja jina la chama. Kila kiti kilionyesha tarafa ambako chama kilikuwa na mizizi, na kila tarafa kilikoshindwa ilionyesha kazi iliyobaki. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani.

Kingine ni kwamba chama kilichoshiriki kilikuwa na ushahidi. Ruanda-Urundi haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Ubelgiji ililazimika kutoa maelezo mjini New York. UPRONA hawakuacha kulalamika huko. Malalamiko ya chama kilichokwenda kwenye kura huku kiongozi wake amefungiwa yalikuwa na nguvu kuliko malalamiko ya chama kilichokaa nyumbani.

Desemba 20, 1960, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililoitaka Ubelgiji iahirishe uchaguzi wa bunge uliokuwa umepangwa mapema 1961 na iondoe vizuizi vya kisiasa. Ubelgiji na vyama walikutana Ostend mwezi Januari, uchaguzi ukaahirishwa, ingawa serikali ya Cimpaye iliundwa hata hivyo. Aprili 21, 1961, azimio la pili lilitaka uchaguzi ufanyike chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Tume iliyoongozwa na Max Dorsinville wa Haiti ilipewa jukumu la kuufuatilia, na katikati ya mwaka serikali ya mpito ilipanuliwa ili UPRONA nao waingie.

Hapo ndipo panapopatikana tofauti kati ya ukaidi na mkakati. Rwagasore hakushiriki uchaguzi wa pili kwa masharti yaleyale ya ule wa kwanza. Katika miezi tisa, masharti yenyewe yalikuwa yamebadilika, na yalibadilika kwa sababu chama chake kilikuwa bado hai, bado kina watu katika tarafa, na bado kina mahali pa kupeleka hoja. Alijua kususia kama silaha, kwani alikuwa ameitumia dhidi ya maduka na kodi. Sanduku la kura hakulisusia.

Septemba 18, 1961

Kampeni ya 1961 ilimkuta akiwa huru kusafiri. Alizunguka nchini, na jina la Mwami, ambalo vijijini lilikuwa na heshima kuliko jina lolote, lilifuatana naye hata pale baba yake alipokaa kimya. Mjini Usumbura, Buyenzi na Bwiza zilibaki ngome zake. Wafanyabiashara wadogo, madereva na mafundi waliosafiri kati ya mji na masoko ya ndani walibeba habari za chama katika Kirundi na Kiswahili. Wanawake nao walikuwa wamepewa haki ya kupiga kura.

Wapinzani wake walikuwa na tatizo ambalo mwaka mmoja kabla lilionekana kuwa faida. Walikuwa wamesimama karibu mno na Ubelgiji, na Ubelgiji ilikuwa inaondoka. Yaliyowapa nguvu Novemba 1960, yaani serikali, machifu na maofisa, yaliwafanya Septemba 1961 waonekane kama watu wa zamani.

Uchaguzi ulifanyika Septemba 18. UPRONA walipata takriban asilimia 80 ya kura na viti 58 kati ya 64. Umoja wa Pamoja walibaki na viti 6. Septemba 28, Rwagasore akawa waziri mkuu. Katika hotuba zake baada ya ushindi aliwataka wafuasi wasilipize kisasi na akawahakikishia walioshindwa kwamba nchi ilikuwa yao pia. Aliyekuwa jana katika uchache alikuwa sasa na wingi mkubwa mno, na alionekana kuelewa kwamba hatari ya siku hiyo haikuwa ileile ya mwaka uliotangulia. Sasa swali lilikuwa jinsi mshindi anavyowatendea walio wachache.

Risasi ya Oktoba

Hakupewa muda wa kulijibu. Jioni ya Oktoba 13 alikuwa akila chakula na watu wake katika Hoteli Tanganyika, karibu na ziwa. Mgiriki aliyeitwa Ioannis Kageorgis alimpiga risasi kutoka gizani, akafa. Katika siku chache Kageorgis alikamatwa, na uchunguzi ukaelekea kwa viongozi wa PDC. Mahakama ya Kibelgiji ilimhukumu kifo, naye aliuawa Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Baada ya uhuru kesi ilifunguliwa upya, na Januari 1963 watu watano walinyongwa hadharani huko Gitega, wakiwamo Biroli na Ntidendereza, wana wa Baranyanka.

Suala la mkono wa Ubelgiji halikufungwa na vifo hivyo. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliishutumu rasmi Ubelgiji kwa kuhusika na mauaji hayo, na mjadala kati ya wanahistoria unaendelea. Jambo lililo wazi ni kwamba waliokuwa na njaa ya madaraka, baada ya kushindwa katika kura walizozikubali, walichagua bunduki. Kwa hiyo, katika kisa hiki, aliyekuwa na haki zaidi ya kuukataa uchaguzi ndiye aliyeuheshimu, na waliopendelewa na uchaguzi wa kwanza ndio walioshindwa kuyastahimili matokeo ya ule wa pili.

Burundi ilipata uhuru Julai 1, 1962, chini ya André Muhirwa. Rwagasore alizikwa Vugizo, juu ya kilima kinachoutazama mji na ziwa. Binti zake wawili walikufa wakiwa wachanga. Mjane wake, Marie-Rose, aliaga dunia mwaka 1973. Ngendandumwe, aliyekuwa mmoja wa wenzake, aliuawa akiwa waziri mkuu Januari 1965. Mirerekano aliuawa mwaka huohuo. Ule mkusanyiko wa Wahutu, Watutsi, ganwa na Waswahili wa mjini ambao Rwagasore alikuwa ameushikilia kwa mikono yake ulifumuka mshono baada ya mshono.

Chama chenyewe kiligeuka. Novemba 1966 UPRONA ilifanywa chama pekee nchini, na siku chache baadaye Michel Micombero akaufuta ufalme. Kilichokuwa kimezuiwa kufanya mikutano mwaka 1960 sasa kilikuwa dola, na kwa zaidi ya robo karne hakikulazimika kumwomba mtu yeyote kura katika uchaguzi wenye upinzani. Waliotaka kukipinga walikuwa na hali ngumu kuliko ile ya Rwagasore, kwani hawakuwa na uchaguzi wa kuususia wala wa kuushiriki. Juni 1993, vyama vingi viliporudi, Melchior Ndadaye wa FRODEBU alishinda urais na UPRONA wakapata viti 16 kati ya 81. Oktoba 21 mwaka huohuo Ndadaye naye aliuawa. Noti ya faranga 10,000 ya Burundi imebeba sura za watu hao wawili, Rwagasore na Ndadaye, wote walioshinda uchaguzi na wote waliouawa mwezi Oktoba.

Swali lililobaki

Mwaka 2010 Burundi ilijiuliza tena swali la 1960. Baada ya uchaguzi wa tarafa wa mwezi Mei, vyama vikuu vya upinzani vilidai kuwa kura ziliibwa, vikajitoa. Pierre Nkurunziza akasimama peke yake kugombea urais mwezi Juni. UPRONA walijitoa pia katika mbio za urais, lakini walibaki katika uchaguzi wa bunge na kupata viti 17, huku vyama vilivyosusia vikiwa nje ya bunge kwa miaka mitano. Viti hivyo havikubadili mwelekeo wa serikali, lakini vilikuwa viti, na waliovikalia waliweza kusema mahali ambapo maneno yao yaliandikwa.

Maisha ya Rwagasore hayasemi kwamba kushiriki ni sahihi siku zote. Mwaka 1960 kulikuwa na Umoja wa Mataifa uliokuwa na mamlaka ya kuilazimisha Ubelgiji, na bila mamlaka hayo huenda viti 545 vingebaki kuwa kumbukumbu ya kushindwa. Nchi nyingi za leo hazina mdhamini wa kumpelekea malalamiko. Pia hakuwa mtu wa kawaida: alikuwa mtoto wa Mwami, na jina hilo lilimfungulia milango ambayo mwana wa mkulima angeikuta imefungwa.

Lakini yapo mambo matatu ambayo maisha yake yanayaonyesha waziwazi. La kwanza, chama kinachoingia katika uwanja wa uadui kinapaswa kuingia kikiwa na kazi nyingine mkononi zaidi ya kampeni: kukusanya ushahidi, kujua watu wake walipo, na kudai masharti ya mara ijayo. La pili, walio wachache hupata nguvu wanapoungana na wachache wengine, kama mtoto wa ikulu alivyoungana na wafanyabiashara wa Buyenzi ambao watu wengi wa heshima hawakuwa wakiwatembelea. La tatu, anayekubali kuingia katika kura asiyoipenda lazima awe tayari kuwahurumia atakaowashinda.

Kila Oktoba 13 viongozi wa Burundi huweka mashada ya maua Vugizo. Chini yake mji umeenea hadi ufukweni, na barabara kuu ya katikati yake inaitwa kwa jina la Rwagasore. Buyenzi bado ipo palepale, yenye misikiti, karakana na soko lake, na Kiswahili bado kinazungumzwa barazani.